Nilivyoisoma endometriosisi mpaka nikapata la kujibu

Mwenye endometriosisi, yaani ule ugonjwa wa tishu kama za ukuta wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake, anajua, maumivu ni shida moja na maneno ya watu shida ya pili, mara umezidisha vidonge vya uzazi wa mpango mara umechelewa kuzaa, so nilivyofanyiwa laparoskopi (kuchungulia tumbo kwa kamera kupitia tundu dogo) ikathibitika nikasema hii kitu naisoma mwenyewe mpaka nijue inaanzia wapi.

Wa kwanza kukutana naye ni Sampson, daktari wa Marekani wa miaka ya 1920, yeye alisema damu ya hedhi inarudi nyuma kupitia mirija ya uzazi, inamwagikia tumboni na seli za mji wa mimba zilizomo zinaota huko. Sawa, ila damu kurudi nyuma inawatokea wanawake wengi sana na wanaougua ni kama 1 kati ya 10, hao wengine imewakwepaje? Hapo ndo nikapata njia ya kusoma, kila nadharia naiuliza imemwacha nani nje. Hii imewaacha mabinti waliokutwa nayo hata hawajavunja ungo, waliozaliwa bila mji wa mimba, na hadi wanaume wachache waliotibiwa kwa estrojeni, homoni ya kike, sababu ya saratani ya tezi dume, sasa hao hedhi wameitoa wapi jamani?

Iliyoniingia ni ile ya kuzaliwa nayo. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mirija ya Müller, vijirija viwili vya mwanzo kabisa, ndo inageuka kuwa mji wa mimba, mirija ya uzazi na sehemu ya juu ya uke, wanasema kuna seli zinapotea njia, zinakaa kimya mpaka homoni za kubalehe ziziamshe. 2009 watafiti wa Italia waliripoti kukuta tishu za namna hiyo kwenye vijusi kadhaa. Kuna na ya vichanga wa kike wanaotoka damu kidogo siku za mwanzo, eti nayo inarudi nyuma, hii mi naona ni Sampson yuleyule kavalishwa nepi. Ila hata ya kuzaliwa nayo inawaacha wanaoota uvimbe kwenye kovu la kujifungua kwa upasuaji, kwa hiyo huenda njia ni zaidi ya moja.

Daktari alisema dawa hazibadiliki, ni zilezile za homoni, ila akaandika kwenye faili kwamba nimeumia tangu hedhi ya kwanza kabisa, kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza. Shangazi nikamwambia huenda nimezaliwa nayo, akatulia, afu akauliza mama alikula nini mimba yangu. Nikaanza kueleza upya.