Kontua kwanza, fomula baadaye

Mada ya usomaji wa ramani hufundishwa mara nyingi kwa mpangilio uleule: kipimio, gridi, fomula ya mteremko, kisha kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zinapitiwa harakaharaka muda ukiwa umeyoyoma. Matokeo yake mwanafunzi anaweza kukokotoa mteremko wa mahali ambapo hajui kama ni mlima au bonde. Mimi naamini mpangilio huo ugeuzwe. Kontua zipewe vipindi viwili vya mwanzo, bila hesabu yoyote, na fomula zisubiri.

Kipindi cha kwanza kinahitaji udongo wa mfinyanzi, kasha la plastiki lenye kuta zilizosimama wima, maji, kijiti cha meno, kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga na kalamu ya wino mzito. Finyangeni kilima chenye kimo cha sentimita 10 na upana wa sentimita 20 hivi kwenye kitako. Upande mmoja uwe mkali, mwingine uteleze taratibu, na kwenye upande wa taratibu chimbeni mfereji mmoja kutoka karibu na kilele hadi chini. Hilo ndilo bonde la mto. Udongo ushindiliwe vizuri na utumiwe ukingali na unyevu, maana mfinyanzi uliokauka humomonyoka maji yakiugusa.

Bandikeni rula ukutani mwa kasha. Mimina maji pembeni, si juu ya udongo, hadi sentimita 2. Subirini yatulie, kisha mwanafunzi akwaruze alama kwa kijiti kufuata pale maji yanapokutana na udongo, kuzunguka kilima chote. Ongezeni hadi 4, rudieni, kisha 6, kisha 8. Matone machache ya wino kwenye maji husaidia kuuona ukingo. Mwisho mwageni maji nje, laza plastiki juu ya kasha na mnakili mikwaruzo yote huku jicho moja limefumbwa na lingine likiwa moja kwa moja juu ya alama inayochorwa. Anayechungulia kwa pembeni atapata mistari iliyohama, hata kukatizana, na hiyo ni nafasi nzuri ya kueleza kwa nini kontua za vimo tofauti hazipishani: sehemu moja ya uso wa ardhi haiwezi kuwa na vimo viwili. Kwenye genge lililosimama wima zinaweza kugusana.

Plastiki ikiinuliwa, mambo matatu yanaonekana bila kuhubiriwa. Upande mkali mistari imebanana, upande wa taratibu imeachana, na kwenye mfereji kila mstari umejikunja kama herufi V ambayo ncha yake inaelekea juu, kule mto unakotoka. Kwenye mgongo wa ardhi unaochomoza, ncha huelekea chini. Wanafunzi wengi hukariri kanuni hii ya V na kuigeuza wakiwa kwenye mtihani. Aliyeyaona maji yakiingia ndani ya mfereji haigeuzi.

Hata kwenye historia kontua zilitumika kwa haja kama hiyo ya kuona. Baada ya jaribio la kukadiria msongamano wa dunia lililofanyika mwaka 1774 kwenye mlima Schiehallion huko Scotland, mwanahisabati Charles Hutton alikuwa na rundo la vipimo vya vimo vilivyotapakaa kwenye ramani. Alipounganisha kwa mistari sehemu zenye kimo sawa, umbo la mlima likajitokeza, na akaweza kuendelea na hesabu zake.

Kipindi cha pili kiwe cha ramani halisi ya kipimio cha 1:50,000, yaani sentimita 1 kwenye ramani ni sentimita 50,000 ardhini. Chora mstari kutoka A hadi B, kisha mwanafunzi aufuate polepole kwa ncha ya penseli akisema kwa sauti: napanda taratibu, napanda kwa kasi, nimefika juu, nashuka, navuka mto. Kabla ya kusema neno asome namba. Ikiwa tofauti ya kimo kati ya kontua moja na inayofuata ni mita 20, ile nene ya kila baada ya nne nyembamba huwa ya kila mita 100, na kwa kawaida ndiyo yenye namba.

Sasa ndipo mje kwenye mchoro wa mkato wa ardhi, yaani umbo la ardhi kama linavyoonekana kutoka ubavuni. Tuseme kontua ya juu kabisa kwenye mstari AB ni mita 1,620 na ya chini kabisa ni 1,380. Laza ukingo wa kipande cha karatasi kwenye mstari na uweke alama A na B kwanza. Hizo mbili ndizo zitakazokuonyesha kama karatasi imeteleza, na huteleza. Weka alama kila kontua inapokatwa, andika kimo papo hapo, na kwenye mto andika mto. Mahali mistari imebanana sana, chukua ile minene tu pamoja na ya kwanza na ya mwisho ya msongamano huo.

Kwenye karatasi ya grafu, mhimili wa wima uanze 1,300 uishie 1,700. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukitumia kipimio kilekile cha ramani, mita 400 zitakuwa na urefu wa sentimita 0.8 na hakuna kitakachoonekana. Ukitumia sentimita 1 kwa mita 20, mchoro utakuwa na kimo cha sentimita 20 na vilima vitachongoka kama sindano. Sentimita 1 kwa mita 100 inatosha: mhimili una sentimita 4. Kipimio hicho cha wima ni 1:10,000, kwa hiyo ukuzaji wa wima, yaani mara ambazo kimo kimevutwa kuliko umbali, ni 50,000 kugawa kwa 10,000: mara 5. Namba hiyo iandikwe chini ya mchoro.

Nukta ziunganishwe kwa mkono, si kwa rula. Penye kontua mbili za 1,620 zinazofuatana juu ya kilima, usipige mstari ulionyooka kati yake. Ardhi inaendelea kupanda kidogo, ila haifiki 1,640, kwa sababu ingefika kungekuwa na kontua nyingine. Bondeni ni hivyohivyo kwa kushuka.

Kutoka kontua ya 1,620 hadi ile ya 1,380 karibu na mto, tuseme rula inasoma sentimita 4.8 kwenye ramani. Kila sentimita ni mita 500, kwa hiyo umbali ni mita 2,400. Tofauti ya kimo ni mita 240. Mteremko ni tofauti ya kimo kugawa kwa umbali, 240 kwa 2,400, yaani 1:10, sawa na nyuzi karibu 6. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kugawanya mita kwa sentimita. La pili limejificha zaidi: mwanafunzi anapima urefu wa mteremko wenyewe kwenye mkato alioukuza. Atapata kama sentimita 5.4 na kudai umbali ni mita 2,700, wakati urefu halisi wa mteremko huo, kama ungekuwa umenyooka, unazidi umbali wa ramani kwa mita 12 tu. Mchoro unaonyesha mteremko wa 1:2, nyuzi karibu 27, kwa sababu umevutwa juu mara 5. Wapewe swali hili waeleze tofauti kwa maneno yao. Atakayeweza ameelewa ukuzaji wa wima.

Eneo nalo lina mtego wake: kwa kipimio hiki sentimita moja ya mraba ni kilomita za mraba 0.25, wala si 0.5. Na uelekeo wa B kutoka A hupimwa ukiwa umesimama A, kwa mwendo wa saa kuanzia kaskazini.

Swali la mwonekano, yaani kama A inaonekana kutoka B, lijibiwe kwa mkato uleule. Piga mstari ulionyooka kwa rula kati ya A na B. Ukikata ardhi popote, hazionani. Ukuzaji wa wima hauharibu jibu hili, maana ardhi na mstari wa macho vimevutwa kwa kiwango kimoja. Bila kuchora, angalia kontua: zikibanana juu na kuachana chini, mteremko ni mbonyeo, yaani umebonyea ndani, na aliye juu anaona hadi chini. Zikiachana juu na kubanana chini, ni mbinuko, na tumbo la kilima linamzuia. Jibu liandikwe kwamba ni kwa kuzingatia umbo la ardhi peke yake, kwa kuwa kontua hazionyeshi kimo cha miti wala cha majengo.