Bolti ya zamani isikudanganye

Leo kijana mmoja wa zamu yetu ya mafundi wa ndege alishika bolti mbili kiganjani, aliyoifungua na mpya ya stoo, akazipima kwa macho. Nikamwambia tufungue kwanza katalogi ya vipuri tusome namba. Alinuna kidogo. Simlaumu, kazi ilikuwa imebana.

Tulipopumzika nikamsimulia ya Juni 1990. Kule Birmingham, Uingereza, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven ilibadilishwa kioo cha mbele usiku, upande wa rubani mkuu. Msimamizi wa zamu aliifanya kazi hiyo mwenyewe, akachagua bolti kwa kuzilinganisha na ile ya zamani. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Ndege ilipofika futi 17,300 kioo kiling'oka. Rubani mkuu akavutwa nje nusu mwili, wenzake wakamng'ang'ania hadi rubani msaidizi alipotua Southampton. Alinusurika, na abiria wote pia.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba hata zile bolti za zamani hazikuwa sahihi. Zilikuwa fupi, ila zilikuwa zimeshikilia kwa miaka, kwa hiyo nani angezitilia shaka? Mtunza stoo alishataja namba inayotakiwa. Na kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikudai fundi wa pili akague kazi hiyo, ndege ikaondoka bila jicho jingine kuipitia.

Napenda plagi za umeme zilizotengenezwa kwa maumbo tofauti, zisizoingia kabisa pasipo pake. Kebo hazina huruma hiyo. Novemba 2018, Embraer 190 ya Air Astana ilitoka matengenezoni Ureno ikiwa na kebo zilizogeuzwa za elaroni, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoilaza ndege upande, marubani wakahangaika nayo angani hadi wakatua Beja, hukohuko Ureno. Ndiyo maana sikubali mtu aseme tu kwamba usukani unazunguka vizuri. Mmoja auzungushe kulia, mwingine asimame chini ya bawa la kulia na kutamka anachokiona: elaroni inapanda.

Bado kuna kabati pale kona yenye taa hafifu, bolti zimechanganyika na lebo zimefifia. Kesho asubuhi, kabla kazi haijaanza, namwendea msimamizi liondolewe.