Mabano katika uvᵀx

Kila tulipoiendesha ile programu ilikwama palepale: memori inajaa, kompyuta inaganda. Tuliirithi kutoka kwa kundi lililotutangulia kwenye mradi, pamoja na karatasi ya hesabu iliyosheheni Σ, alama ya kujumlisha, na vijiherufi i, j, k vya kuonyesha nafasi ya kila namba, vilivyosongamana kama siafu. Nilishaikagua mstari kwa mstari. Hesabu ilikuwa sahihi.

Dada aliyekuwa akiniongoza hakutaka hata kuiona programu. "Lete hiyo karatasi, mdogo wangu. Tuiandike upya."

Akafuata desturi ya mwanahisabati Alston Householder: herufi kubwa kwa matriksi (jedwali la namba), ndogo kwa vekta (orodha ya namba), za Kigiriki kwa namba mojamoja. Mimi naipenda mno desturi hiyo, maana jicho linajua ukubwa wa kila kitu kabla hujakokotoa chochote. Vekta zote akazisimamisha kuwa safu wima, na T ndogo juu ikizilaza kuwa safu mlalo. Nusu ukurasa ukawa mstari mmoja:

y = αAx + uvᵀx

A karibu yote ilikuwa sifuri, haikulemea memori. Balaa lilikuwa mwishoni. Programu ilianza kwa kuzidisha uvᵀ: vekta mbili zenye namba 10,000 kila moja zinazaa matriksi ya namba 100,000,000. Kwa baiti 8 kila namba, hizo ni megabaiti 800, za kitu kinachotumika mara moja na kutupwa. Dada akaweka mabano tu: u(vᵀx). Ndani yake safu mlalo inakutana na safu wima, jibu ni namba moja. Izidishe kwa u, basi. Kuzidisha mara 20,000 badala ya mara 200,000,000.

Kweli, mwenye macho makali angeliona hilo hata kwenye Σ, kwa kuitoa uᵢ nje ya jumla. Wala vijiherufi si vya kudharau. Kitu chenye faharasa (ndivyo hivyo vijiherufi) tatu au nne hakiandikiki kwa T, na hapo njia aliyoitumia Einstein mwaka 1916, ya kuiacha Σ na kujumlisha kila faharasa inayojirudia, haina mpinzani. Ila kwa matriksi na vekta, T inakuonyesha yenyewe mahali pa mabano.

Tukabadilisha mstari mmoja, programu ikaenda. Nikavuta ukurasa uliofuata nikauandika upya mwenyewe. Ukatoka uvᵀwzᵀ, na vᵀw pale katikati ni namba tu.