Mtoto mbishi aliyekataa mswaki: kilichosaidia ni kukosea makusudi

Dalili: mtoto wa miaka minne akiona mswaki anafunga mdomo kabisa, na basi la shule linapita alfajiri kukwepa msongamano wa Thika Road. Kuamuru, kuhesabu hadi tatu na kuahidi peremende, vyote vilishindwa. Kila kimoja kilimpa kitu cha kukataa.

Kilichofanya kazi ni kumpa kosa la kusahihisha. Weka dawa yenye floraidi, kiasi cha punje moja ya minji. Simama nyuma yake mbele ya kioo, kichwa chake kiegemee tumbo lako. Kisha sugua kiwiko chake ukiuliza, kwa uso mkavu, "Mbona hapa hakuna meno?"

Sasa nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu: tunacheka mapema, au tunaongeza "haya, fungua mdomo", na amri inarudi. Subiri. Mtoto mwenye msimamo hawezi kuvumilia mtu mzima anayekosea hivyo. Atapaza sauti, "Si hapo! Ni hapa!" na mdomo utakuwa wazi. Anza na magego ya juu, kwa sababu ndiyo atakayoyazuia akichoka.

Kosea mara mbili tu, kiwiko kisha goti. Ukizidisha, mchezo unameza dakika mbili za kusugua. Kesho badilisha kiungo. Kosa liwe lako daima, kwani akihisi anachekwa yeye, mdomo unafungwa tena. Akiwa mgonjwa usijaribu mchezo huu, mbembeleze tu.