Siku moja maishani mwangu: mdondo ambao haukuwa mdondo

Saa 12:10 asubuhi. Simu inaita mswaki ukiwa bado mdomoni. Ni mama mmoja mwenye kuku 22 nyuma ya nyumba. "Daktari, nimeamka nimekuta wawili wengine wamekufa. Watano sasa, ndani ya siku tatu. Mdondo huu!"

Mdondo ndio kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi. Lakini huwa sibishani kwenye simu. Namwomba asiwatupe hao wawili, asichinje mgonjwa, na asiongeze dawa juu ya ile aliyokwisha kuwapa. (Alikwisha wapa. Wote huwa wamekwisha wapa.)

Saa 2. Nachovya buti kwenye dawa, kisha nauliza maswali kabla ya kugusa kuku yeyote. Chanjo ya mdondo walipata miezi miwili iliyopita. Chakula ni cha gunia lilelile. Nachota cha chini kabisa, nanusa, hakuna ukungu. Sumu ya panya haijawekwa. Waliokufa wote ni wakubwa, tena wale wachakuraji hodari. Koo aliyefunikwa tengani na vifaranga wake anakula chakula hichohicho na kunywa maji yaleyale, na hana neno.

Hilo la tenga naliweka akilini.

Saa 3. Wagonjwa ni watatu. Tetea mweusi amelala kifudifudi, shingo imenyooka mchangani kama kamba iliyoachiwa. Nikimwinua, kichwa kinaning'inia. Macho yamefumba nusu, na akisikia hatua zangu anajitahidi kuyafumbua, hawezi. Mdondo ukishafika kwenye mishipa ya fahamu huisokota shingo mpaka kuku anatazama juu. Hii haikusokotwa, imelegea. Hakuna mharo wa kijani, hakuna anayekoroma. Nampapasa mgongoni, manyoya yanabaki kiganjani. Sikuyavuta. Yamekuja yenyewe, kama ya kuku aliyetoka kuchovywa maji ya moto.

Saa 4. Glavu, barakoa, kisu. Mmoja wa waliokufa namlowesha kwanza ili vumbi la manyoya lisiruke, halafu napasua. Koo safi. Mapafu mazuri. Ini lina rangi yake, bandama ukubwa wake. Lile tumbo dogo linalotangulia firigisi, ambako mdondo mkali hupenda kuacha madoa ya damu, jeupe kabisa. Utumbo hauna damu, kwa hiyo koksidia, vile vimelea vinavyojeruhi utumbo, naiweka kando. Minyoo miwili mitatu, ya kawaida tu.

"Umeona nini, daktari?"

"Sijaona kitu, mama."

Akanyong'onyea. Mimi nilikuwa nimefurahi, lakini furaha ya namna hiyo humwonyeshi mtu aliyefiwa na kuku watano.

Nikamalizia na gole, kile kifuko cha chakula shingoni. Katikati ya punje za mahindi kulikuwa na funza, wengi, na wengine bado wakijinyonganyonga.

Saa 5. "Mama, hakuna kuku aliyepotea?"

"Hakuna. Labda yule aliyechukuliwa na kicheche wiki iliyopita."

Nyuma ya banda kuna rundo la mbao kuukuu. Tuliinua ubao wa tatu, harufu ikatupokea. Kumbe kicheche anasingiziwa: kuku wetu yuko pale, amebaki manyoya na mifupa, na udongo chini yake unachemka funza. Pembeni kuna mizoga mitatu ya juzi na jana, iliyotupwa palepale "ili isikae karibu na banda".

Ndio botulizimu, ugonjwa wa sumu usioacha alama ndani ya mwili; ndiyo maana nilifurahi kutoona kitu. Bakteria wake hukua ndani ya mzoga, mahali pasipo na hewa, na kutoa sumu inayozuia mishipa ya fahamu isiamrishe misuli. Funza huibeba sumu hiyo bila kudhurika. Anayelegea ni kuku anayewadonoa. Akifa akaachwa hapo, inzi hutaga juu yake, na meza inaandaliwa upya.

Saa 6 hadi 8. Jembe. Shimo refu, mizoga, chokaa, udongo wa juu uliokwanguliwa nao ukaingia. Kuku wazima wamefungiwa bandani. Nimetoa damu ya wagonjwa ipelekwe maabara ikiwa kwenye barafu, maana macho yangu si kipimo. Ile antibayotiki ya kwenye maji tumeimwaga, haifuti sumu iliyokwisha ingia mwilini. Nimemwonyesha mama jinsi ya kuwapa wagonjwa maji kwa bomba la sindano lisilo na ncha, tone kwa tone, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Koo lililolegea hupaliwa upesi, na kuku wa hivi anaweza kuzama hata kwenye sahani ya maji. Mgonjwa asiliwe, hata akionekana mnono.

Saa 9. Chanjo ya ndui kwa vifaranga 40 mahali pengine. Hakuna la kusimulia, isipokuwa mgongo.

Saa 2 usiku. Ujumbe kutoka kwa mama. Mmoja wa wale watatu amekufa na ameshazikwa. Mweusi ameinua kichwa, akatazama huku na huku, akakilaza tena. Nimemjibu ampe maji mengine saa 4.