Nilivyorekodi kivuli cha wingu bila kukikimbiza

Watu watatu waliniambia kitu kilekile kuhusu video yangu ya kivuli cha wingu mlimani: mlima usiofanya lolote hautazamwi, ikimbize video, saa nzima iwe nusu dakika. Nikawasikiliza. Mawingu yakawa yanafukuzana kama moshi, na kile nilichokipenda kikapotea. Mimi nilitaka mtu akae, akione kivuli kinavyopanda mteremko kwa mwendo wake.

Mara ya kwanza niliiacha kamera kwenye otomatiki. Saa mbili kwenye upepo! Niliporudi kutazama nilitaka kulia. Kila jua lilipotoka mawinguni, kamera ilipunguza mwanga; kivuli kikija, inauongeza. Jambo lenyewe nililolifuata, yenyewe iliona ni kosa ikalifuta. Hata ule unjano wa jioni iliuosha.

Basi nikafunga kila kitu: rangi kwenye kelvini 5600 (rangi ya mwanga wa mchana), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi, fokasi, shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) sekunde 1/50 kwa picha 25 kwa sekunde, na kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Mwanga upime jua likiwa limewaka kabisa, nyasi zisiungue, yaani zisigeuke nyeupe tupu. Kivuli kikifika kiache kiwe cheusi, usikionee huruma. Na begi zito lining'inizwe chini ya stendi.

Anga nayo ilinisumbua: nilipoirusha ukutani kwa projekta ilitoka na mistari kama ngazi. Nilikuwa narekodi kwa biti 8, yaani viwango 256 tu kwa kila rangi. Biti 10 zina 1,024. Nilibadili, na kwenye kuhariri nikaongeza chenga kidogo sana za kuificha mistari. Kadi zikajaa upesi, nikanunua nyingine, pesa ikaenda. Anayesema tofauti haionekani hajawahi kurusha anga tupu kwa projekta kwenye chumba chenye giza.

Sasa mshono, ambao ndio ninaojivunia. Video ilipaswa kujirudia bila mtu kujua inaanzia wapi. Nilijaribu kuunganisha sehemu zenye jua, ikakataa: jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kwa dakika 12 za video limehama nyuzi 3, na vivuli vya miti vinaruka. Siku nyingi nilihangaika na hilo, hadi nilipotazama vizuri kilichotokea wingu lilipofunika mlima wote. Miti haina vivuli! Mwanga unatoka pande zote za anga, jua likiwa popote. Nikakata mwanzo ndani ya wingu moja na mwisho ndani ya wingu jingine zito vilevile, nikayeyusha mwisho ndani ya mwanzo kwa sekunde 20. Kwenye video hii ya kujirudia anga sikuiingiza kwenye fremu, mteremko tu, maana mawingu yenyewe hayafanani kamwe.

Nilipoionyesha, mama mmoja alikaa mizunguko mitatu, kisha akaniuliza inaisha saa ngapi. Nikamweleza kuna mshono. Akarudi kukaa, autafute.