Mbwa wa Amboni

Jana jioni, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, maongezi yaliangukia mwezini. Fundi baiskeli, mtu ninayemheshimu tangu utotoni, alisema hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga huko. "Mwanangu, ile bendera inapepea. Mwezini kuna upepo?"

Nikamwambia bendera ya Apollo 11, safari ya Wamarekani iliyomfikisha Neil Armstrong mwezini Julai 1969, ilitiwa ufito kwa juu ili isilale, na kinachoonekana kama kupepea ni mikunjo tu. Akapiga paja. "Si umeona? Huo ufito waliuweka ili vijana kama wewe mpate la kujibu."

Nikasema Wasovieti walikuwa wakishindana na Marekani. Kungekuwa na uongo, wao wangekuwa wa kwanza kupiga kelele. "Walilipwa." Na zile kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa kutoka mwezini? "Mawe hata Amboni yapo."

Hoja za namna hii zinanichosha kwa sababu moja. Ushahidi ukikosekana, umefichwa. Ukiletwa, umetengenezwa. Sasa mtu alete nini?

Muuza kahawa akadakia: "Fundi, si wewe unayetuambia mbwa aliingia mapango ya Amboni akatokea Kilimanjaro? Mbwa afike, Armstrong ndiyo ashindwe?" Baraza zima likaangua kicheko, nami nikiwamo. Fundi akaweka kikombe chini, akaaga, akaondoka akiikokota baiskeli bila kuipanda.

Usiku sikupata usingizi mapema. Ni kweli mapango yale yalipimwa mwaka 1994 na refu kuliko yote likakutwa na mita 900 tu, ilhali Kilimanjaro iko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Lakini mtu kukosea habari za mbwa hakuthibitishi kwamba amekosea habari za mwezi. Tulimnyamazisha, hatukumjibu. Na jibu nililokuwa nalo bado, zuri kuliko yote, lilizama kwenye kicheko.

Asubuhi nimempelekea tairi lenye pancha. Akiwa anatafuta tundu kwenye karai la maji nikamweleza kuhusu vioo: wanaanga wa Apollo 11, 14 na 15 waliacha mwezini vioo vya kurudisha mwanga, na mpaka leo wanasayansi huvipiga kwa mwanga wa leza kutoka duniani, ukarudi baada ya sekunde mbili na nusu hivi.

Akaacha kuzungusha mpira. "Kule si vumbi tupu? Vioo hivyo nani anavifuta?"

Nikamwambia hakuna. Mwanga unaorudi ni hafifu kuliko ilivyotarajiwa, na wanasayansi wenyewe wanalishuku vumbi hilohilo.

"Ehee," akasema. Akajifuta mikono, akanisogezea kigoda.